Uzito wa Abiria

Sanduku lilikuja kwa lori kutoka bandari ya Sohar,
refu kama jeneza la watu wawili.
Karani wa forodha alimuuliza Hamduni,
"Ndani mna nini?"
"Ndege."
"Mbona siioni?"
"Hata mimi bado."
Akapiga muhuri huku anacheka.

Miaka sita hiyo, hapa Al-Khoudh,
nyumba ya tatu baada ya duka la matairi.
Gari tulilitoa gerejini likaungue jua.
Bawa la kushoto likalazwa majilisi,
wageni wakanywa kahawa kando yake,
na shemeji Zahrani alipoweka kiwiko
nikamwambia: hapo pa kuruka, si pa kuegemea.

Juni, mchana, bati halishikiki.
Tulianza baada ya alfajiri
tukaacha alumini ilipoanza kujibu jua,
tukarudi baada ya isha, feni ikiliokota joto lile lile
kona moja na kulitua kona ya pili.

Ribiti haitaki mtu mmoja.
Yeye nje na bunduki ya upepo,
mimi ndani ya mkia, nimejikunja
kama mtoto asiyetaka kuzaliwa,
nimekishika kipande cha chuma nyuma ya tundu.
Hatuonani. Bati liko kati yetu.
Anagonga mara moja: uko tayari?
Nagonga mara mbili: piga.
Kisha trrrr, mpaka magego,
na ribiti inabonyea kama kifungo.
Elfu kumi na moja na ushei.
Katika miaka thelathini ya ndoa
hatujapata kusikilizana vile.

Mimi mshona kofia.
Vitobo nimevitoboa tangu nina miaka tisa,
mama akinisimamia, kule Wete, kabla ya kuhamia huku.
Kitobo kikienda kando kwa unywele mmoja
kofia nzima inakunja uso.
Basi siku ya ubavu wa saba nikamwambia,
"Mstari wako umekwenda upande."
Akasema, "Macho yako yamechoka."
Keekee ikalia,
tundu likaangukia juu ya tundu,
likawa nane.
Hakusema kitu. Aliuvua ubavu,
akaupigilia ukutani kwa msumari mmoja.
Upo mpaka leo. Tunatundikia funguo.

Watu walisema. Watu hawakosi.
Mzee wa shirika la umeme anajijengea kaburi lenye mabawa.
Na Thuweni, mwanetu, akaandika kutoka Dubai:
Baba, tiketi ya kuja huku ni riali thelathini.
Hamduni akamjibu:
Hiyo ni bei ya kiti.

Jana tuliazima mizani tatu kwa muuza mbuzi,
moja chini ya kila gurudumu.
Gereji nzima ikanuka zizi.
Hamduni akafungua daftari, akaandika safu:
injini, mafuta, rubani.
Kwenye mstari wa abiria kalamu ikasimama.
"Uzito wako?"
Hivyo hivyo, bila kuinua macho,
kama anayeuliza chumvi iko wapi.
"Sitini na nne," nikasema.
Akaandika. Hakubisha.

Usiku usingizi ukanipita pembeni.
Kila nikifumba macho naiona ile nane,
na funguo zetu zikining'inia juu yake.
Hewa haina haya, nikawaza,
haitanistahi kama muuza vitambaa.
Nikashuka peku, simu mkononi kwa mwanga,
nikapanda mizani ya mbuzi.
Sabini na tatu.
Nilisimama pale kitambo, nikivuta pumzi ndani,
kana kwamba inapunguza.

Kalamu yake ilikuwa bado kati ya kurasa.
Nikaikata sitini na nne kwa mstari mmoja.
Ndipo nikaona, pembeni, kwa penseli hafifu,
mwandiko wake wa kulalia kushoto:
Zeyana, 75, pamoja na mkoba.

Nikafuta tano, nikaandika tatu.
Mkoba utabaki nyumbani.